Maharamia Wenye Kalamu

Kuna mahali katika filamu ya Pirates of Silicon Valley, yaani Maharamia wa Silicon Valley, lile bonde la kampuni za kompyuta kule California, picha inaganda. Mabwana wa IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, wameketi, suti zimenyooka, na mbele yao yuko Bill Gates wa Microsoft, kijana mwenye miwani mikubwa na nywele zisizojua kitana, anawauzia kitu ambacho hana. Wote wanageuka sanamu isipokuwa Steve Ballmer, mpambe wa Gates. Yeye anapita katikati ya walioganda, anatugeukia watazamaji na kutuambia kwamba tukio hili lilistahili kutundikwa kwenye jumba la sanaa, maana moja ya utajiri mkubwa kabisa duniani unazaliwa humu chumbani, na hawa wenye suti bado wanaamini kuwa hela iko kwenye mashine na programu ni kikorokoro tu.

Nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila nikifika hapo nasema kimoyomoyo: hapa ndipo ilipo filamu yenyewe. Na hapa hakuna anayeiba.

Nasema hivyo kwa sababu kila kitu kingine ndani yake kimejengwa juu ya wizi, kuanzia jina. Ilirushwa na televisheni ya TNT ya Marekani tarehe 20 Juni 1999, imeandikwa na kuongozwa na Martyn Burke. Noah Wyle, ambaye wakati ule watu walimjua kama daktari wa tamthilia ya ER, anaigiza Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple. Anthony Michael Hall anaigiza Bill Gates. Usimulizi wamepewa wapambe: Steve Wozniak upande wa Apple, Ballmer upande wa Microsoft. Huo ni uamuzi wa akili, kwa sababu mpambe huona ambacho bosi hajioni nacho. Lakini wapambe wote wawili wametumwa watuambie jambo moja tu, kwamba wakubwa wao walikuwa wezi hodari.

Neno "haramia" lenyewe linanipa shida. Mtoto wa Pwani akilisikia hafikirii kofia yenye manyoya na kasuku begani. Neno limebeba haramu tumboni mwake. Baharia aliyepita Ghuba ya Aden mwaka 2009 hatakuelewa hata kidogo ukimwambia uharamia ni ujana na ubunifu. Kule California mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1983 Jobs aliwaambia vijana waliokuwa wakiunda Macintosh, kompyuta mpya ya Apple, kwamba ni afadhali kuwa haramia kuliko kujiunga na jeshi la majini. Wakamwamini. Mmoja wao, Steve Capps, akashona bendera nyeusi. Susan Kare, yule aliyechora aikoni za Macintosh, akaipaka fuvu la kichwa na kulifunika jicho moja kwa tufaha la Apple lenye rangi za upinde wa mvua. Ikapandishwa juu ya jengo lao. Kampuni hiyo ilikuwa imeshauza hisa zake kwa umma tangu Desemba 1980 na ilikuwa na mawakili wa kutosha kujaza basi. Maharamia gani hao wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi?

Tuanzie Xerox, kampuni ya mashine za kunakilia, kwa sababu ndiyo nyumba inayodaiwa kuvunjwa.

Xerox ilifungua kituo chake cha utafiti cha PARC, Palo Alto, mwaka 1970. Kufikia mwaka 1973 watafiti wake walikuwa na mashine iitwayo Alto: madirisha kwenye skrini, kipanya mkononi, na maandishi yanayoonekana kama yatakavyotoka kwenye karatasi. Kipanya hawakukibuni wao. Douglas Engelbart alishakionyesha hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968. Jobs na wenzake walifika PARC mwishoni mwa 1979, na filamu inaupiga mwendo huo kwa sauti ya uvamizi. Ukweli ni kwamba waliingia kwa mlango wa mbele. Xerox ilikuwa imekubaliwa kununua hisa 100,000 za Apple kwa dola milioni 1, kabla Apple haijaingia sokoni, na yenyewe ikakubali kufungua pazia. Mtafiti Adele Goldberg alipinga kwa nguvu zote, akawaambia wakubwa wake kwamba wanagawa jiko zima. Wakubwa wakamwamuru aonyeshe. Mwaka uliofuata Apple ilipoingia sokoni, hisa zile zilikuwa na thamani ya dola milioni 17.6. Mwizi anayemwachia mwenye nyumba faida ya namna hiyo, mimi namkaribisha kwangu hata leo usiku.

Halafu kuna kazi iliyofanyika baada ya ile ziara, ambayo kamera haina subira nayo. Kipanya cha Xerox kiligharimu takriban dola 300 na kilikuwa chepesi kuharibika. Jobs alimtaka mbunifu Dean Hovey amtengenezee cha dola 15. Hovey akaenda dukani, akanunua dawa za kwapa, zile za chupa yenye kigololi mdomoni, pamoja na kisahani cha siagi chenye kifuniko. Kigololi kikawa gurudumu, kifuniko kikawa mgongo. Hapo ndipo kipanya kilipoanza safari ya kuja kwenye meza yako. Naye Bill Atkinson, mwandishi wa programu wa Apple, alirudi kutoka PARC akiamini ameona madirisha yanayolaliana, la juu likifunika la chini na la chini likijichora upya lenyewe pale linapofunuliwa. Akahangaika mpaka akapata njia ya kulifanya hilo. Baadaye ndipo alipojua kwamba Xerox hawakuwa nalo. Aliiga kitu ambacho hakikuwepo! Sijui ni mwandishi gani wa filamu anayeweza kuipata zawadi kama hiyo kwenye historia kisha aiache chini, lakini Burke aliiacha, kwa sababu haina anayefukuzwa wala anayefukuza.

Badala yake tunapewa ugomvi. Jobs anamkoromea Gates kwa kuwaibia. Gates anajibu kwa mfano wa jirani tajiri aitwaye Xerox, aliyekuwa akiacha mlango wazi: wewe umenyata kwenda kumwibia televisheni, umefika ukakuta mimi nimeshaichukua, na sasa unapiga kelele kwamba ulitaka uibe wewe kwanza. Ni mazungumzo matamu na yamekaririwa mno. Ila Andy Hertzfeld, mmoja wa waliounda Macintosh, aliyekuwemo chumbani siku hiyo ya mwaka 1983, ameyaeleza kinyume. Kwa maelezo yake, Gates alisema kwamba yeye ndiye aliyevunja nyumba ya jirani, akakuta Jobs ameshaibeba televisheni. Yaani Gates alikiri kufika wa pili. Na tarehe zinamuunga mkono: Macintosh ilitoka Januari 1984, Windows ya kwanza ikachelewa hadi Novemba 1985.

Kwa nini filamu ikageuza? Angalia mwaka ilipotengenezwa. Mwaka 1999 Gates alikuwa tajiri kuliko watu wote duniani, na serikali ya Marekani ilikuwa imeiburuza Microsoft mahakamani kwa kuhodhi soko. Mtazamaji alikuwa tayari ana mshindi kichwani. Filamu ikamrudisha yule mshindi nyuma miaka 16 na kumpa nafasi ya kwanza hata kwenye wizi. Wozniak mwenyewe alipoulizwa alisema matukio mengi yalitokea kweli, ila watu, tarehe na mahali vimechanganywa. Nakubaliana naye, na kwa kawaida sihesabu kosa la namna hiyo kwenye filamu. Hapa nahesabu, kwa kuwa kuchanganya huko kumetuficha kalamu ilipokuwa.

Ilikuwa hapa. Novemba 1985, miezi michache baada ya Jobs kuondoka Apple, mkurugenzi mkuu John Sculley alitia saini mkataba na Microsoft uliowapa leseni ya kutumia vipengele vya mwonekano wa Macintosh ndani ya Windows. Microsoft ilikuwa ndiyo inayoandika programu muhimu za Macintosh, na Apple iliogopa kuachwa mkavu. Mwaka 1988 Apple ikaishtaki Microsoft kwa kunakili. Ikaorodhesha vipengele 189. Jaji akachukua ule mkataba, akahesabu, akasema 179 kati yake vimo ndani ya leseni. Karibu vyote vilivyosalia vikaonekana ni mambo yasiyoweza kumilikiwa na mtu. Rufaa nayo ikaanguka mwaka 1994. Kesi iliyotarajiwa kuamua nani kamwibia nani duniani iliamuliwa na karatasi iliyotiwa saini miaka tisa kabla, na mtu aliyekuwa na haraka.

Ningelipa kiingilio kuona chumba kile. Sculley ameshika kalamu, wakili amekaa pembeni, mmoja wa wasimulizi wetu anapita katikati yao kama Ballmer alivyopita kwa IBM. Hatukupewa.

Tulichopewa ni DOS, mfumo endeshi ambao Microsoft iliiuzia IBM, na hapo nampa Burke haki yake. Mwaka 1980 IBM ilitaka kuingia kwenye soko la kompyuta ndogo haraka, ikaenda Bellevue, jirani na Seattle, kumwona Gates. Hakuwa na mfumo endeshi, ile programu inayoiendesha kompyuta yenyewe. Aliwaelekeza kwa Gary Kildall wa Digital Research, kule Pacific Grove, aliyetengeneza CP/M, mfumo uliotumika zaidi wakati ule. Mazungumzo hayakwenda; hadithi inayopendwa ni kwamba Kildall alikuwa akistarehe angani na ndege yake, hadithi ambayo mwenyewe aliikana. IBM ikarudi kwa Gates, na safari hii hakuelekeza mtu mahali. Karibu na ofisi zake, Tim Paterson wa Seattle Computer Products alikuwa ameandika mfumo alioupa jina la utani ambalo kwa Kiswahili cha gereji tungesema "wa fastafasta". Microsoft ilinunua leseni kwa dola 25,000, kisha Julai 1981 ikaununua wote kwa dola 50,000 zaidi, bila kumtajia muuzaji mteja wake ni nani.

Kuna kisa cha tai. Gates alipokuwa akienda Florida kuwaona IBM aligundua hakuvaa tai, ikabidi wasimame dukani kununua. Burke amekifanya kichekesho, na kinafaa. Lakini kumbuka kijana huyo asiye na tai alikuwa mtoto wa wakili. Katika mkataba na IBM alihakikisha kwamba Microsoft inabaki na haki ya kuuza mfumo ule kwa kampuni nyingine. IBM haikuona tatizo. Nani mwingine angetengeneza mashine ya IBM? Kompyuta ikatoka tarehe 12 Agosti 1981, na haukupita muda Compaq na wengine wakaanza kutengeneza zinazofanana nayo, kila moja ikihitaji DOS, kila DOS ikimlipa Gates.

Kildall je? Alilalamika kwamba DOS imeiga CP/M yake, na IBM ikakubali kuuza mifumo yote miwili. Wakaiweka dukani: wa Microsoft dola 40, wake yeye dola 240. Ukisimama mbele ya kaunta hiyo na pochi yako huhitaji mchambuzi. Kildall alifariki mwaka 1994, na si mhusika katika filamu hii. Wale wa Seattle waliouza mfumo wao bila kujua wanamuuzia nani walifungua kesi baadaye. Microsoft ikawalipa dola 925,000 wakanyamaza.

Sasa, yupo mtu mmoja katika historia hii aliyelia kwamba ameibiwa mapema kuliko wengine wote, naye ni Gates. Juni 1975 kampuni ya MITS, iliyotengeneza kompyuta ya Altair, ilileta maonyesho yake Palo Alto. Mkanda wa karatasi wenye matundu, uliobeba BASIC, programu ya kuandikia programu nyingine, ya Gates na mwenzake Paul Allen, ukapotelea mikononi mwa wapenzi wa kompyuta. Dan Sokol akaunakili, akawagawia wanachama wa Homebrew Computer Club, chama ambacho Wozniak alikuwa akihudhuria. Sharti lilikuwa moja: ukichukua mkanda mmoja, urudishe miwili. Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, akaandika barua ya wazi akiwaambia kwamba wengi wao wanaiba programu. Barua ile ndiyo cheti cha kuzaliwa cha biashara ya programu kama tunavyoijua, na imeandikwa na mtu aliyekasirika kwa haki.

Naifahamu hasira hiyo kutoka upande wa pili. Mara ya kwanza kuiona filamu hii ilikuwa Dar es Salaam, miaka ya 2000, kwenye CD iliyochomwa, jina limeandikwa kwa maka peni na "Silicon" limekosewa. Niliitazamia kwenye kompyuta ya duka la steshenari ambako nilikuwa nikisubiri fundi amalize kupiga Windows kwenye mashine ya mteja mwingine. Windows yenyewe ilikuwa kwenye CD ya aina ile ile, maka peni ile ile. Ilipofika mahali pa kuingiza ule ufunguo wa herufi na tarakimu 25, fundi hakutazama karatasi. Alizipiga zote kwa kukariri, tano tano, huku akibishana na mtu mlangoni kuhusu Simba na Yanga. Nyuma yake, kwenye skrini yangu, Jobs alikuwa akifoka kwamba ameibiwa.

Kwa miaka mingi niliisimulia hiyo kama kichekesho cha mwizi kuibiwa. Sasa naiona vingine. Mwaka 1998 Gates alizungumza na wanafunzi jijini Seattle, akagusia China, ambako kompyuta ziliuzwa kwa mamilioni na programu hazilipiwi. Akasema madhali wataiba tu, basi na waibe ya kwetu. Watazoea, na siku moja tutajua namna ya kuwadai. Mwandishi wa ile barua ya 1976 alikuwa amekua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure na halali kabisa. Sikuwahi kuikuta hata mara moja kwenye steshenari yoyote niliyoingia. Fundi niliyemuuliza alinishangaa: mteja anataka Word. Bure ya halali ilishindwa na bure ya magendo, na wote pamoja tukawa tumefundishwa kazi kwenye programu za Microsoft. Siku ofisi zetu zilipoanza kubanwa zinunue leseni, hakuna aliyeuliza zinunue leseni ya nani.

Nisiionee filamu. Katika kuchora watu ina mkono. Hall ameipata ile hali ya Gates ya kuwa mjinga wa mavazi na mjanja wa meza. Gates mwenyewe alikiri miaka mingi baadaye kwamba ameigizwa kwa ukaribu wa kuridhisha. Wyle ni mzuri zaidi. Anamfanya Jobs aweze kumvunja mtu moyo mbele ya wenzake dakika moja baada ya kumfanya ajione nabii, na halainishi lile la kumkana binti yake. Wiki chache baada ya filamu kurushwa, Jobs alimwalika kwenye mkutano wa Macworld, New York. Wyle akapanda jukwaani na jinzi na fulana nyeusi ya shingo ndefu, akaanza kuhutubia, na ukumbi ukashangilia kabla ya kugundua kwamba aliyesimama pale ni mwigizaji. Jobs akatoka nyuma ya pazia kumkosoa. Sijui utani gani mwingine unaoeleza vizuri zaidi jinsi mtu yule alivyojua thamani ya sura yake.

Kuhusu wanawake filamu inapita mbio: mpenzi anayelia, msichana wa mapokezi, basi. Susan Kare akiipaka ile bendera angewatosha kwa dakika tano.

Mwisho wa filamu ni Boston, Agosti 1997. Jobs amerudi Apple, iliyokuwa hoi, na anatangaza kwamba Microsoft imekubali kuweka dola milioni 150. Uso wa Gates unajaa kwenye skrini kubwa nyuma yake, naye chini anaonekana mdogo kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Watu wanazomea. Burke hakuongeza chumvi. Ilikuwa vile vile, na Jobs baadaye alijuta kwa namna alivyolipanga jukwaa. Filamu imefunguka kwa lile tangazo la Macintosh la 1984 lililoongozwa na Ridley Scott, ambamo uso mkubwa kwenye skrini unavunjwa kwa nyundo, kwa hiyo kufunga na uso mwingine mkubwa ambao hakuna wa kuuvunja ni kazi safi ya mkurugenzi. Mtazamaji wa 1999 aliondoka akijua nani kashinda.

Mimi kila mara namtazama Jobs wa siku ile, yule halisi, nikisikiliza vifungu anavyovisoma wakati watu wanazomea. Mgogoro wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, umemalizwa. Kila upande utumie hataza za mwenzake. Microsoft itaendelea kuiandikia Macintosh programu za Office kwa miaka mitano. Na zile hisa za dola milioni 150 hazina haki ya kupiga kura. Sauti yake imetulia kabisa, kama mtu anayesomea ndugu zake hati ya kiwanja. Kelele zinapozidi anawaambia waachane na fikra kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe, kisha anaendelea. Kufikia mwaka 2003 Microsoft ilikuwa imeshaziuza zile hisa.